Toeni CD Zenu Kabatini: Wito kwa Watu wa Wingwi

Ndugu zangu wa Mapofu, Mjananza, Mtemani na Njuguni hapa Wingwi, Pemba, na nyinyi mliotoka huko mkaenda kuishi Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, Maskati au London: nakuombeni jambo moja, na jambo lenyewe lina muda wake. Fungueni ile mifuko ya CD iliyolala juu ya makabati, ndani ya masanduku ya nguo na chini ya meza za televisheni. Zitoeni DVD za harusi, za maulidi, za mashindano ya Qur'ani, za mchezo wa ng'ombe, za mechi za Idi, za mahafali ya skuli, na zile zisizoandikwa kitu ambazo hakuna anayekumbuka zina nini. Tuzihamishie zote kwenye kompyuta, tuweke nakala, kisha zile zinazofaa kuonwa na kila mtu tuzipandishe mtandaoni, mjukuu aliyezaliwa Maskati azione bila ya kuuliza nani bado ana deki.

Nasema lina muda wake kwa sababu wahenga walituambia akiba haiozi, na hii yetu inaoza.

Wengi tunadhani DVD ni kitu cha milele kwa kuwa ni plastiki ngumu inayong'aa. Zile zilizotoka kiwandani na filamu ndani yake, ambazo zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, kweli zinadumu sana. Picha yake imegongwa kwenye plastiki, vishimo vidogo visivyoonekana kwa jicho, na juu yake pana utando wa chuma. Za kwetu hazikugongwa. Zilichomwa dukani, moja moja, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhiwa wenye harusi. CD tupu ya kuchomea ina tabaka la rangi ya kemikali, na mwanga wa leza huibadilisha rangi hiyo ili kuandika picha. Rangi hiyo haipendi jua, haipendi joto, haipendi unyevu. Sasa tafuteni Pemba nyumba isiyo na vyote vitatu: bati juu, masika inayolowesha hata mito ya kulalia, upepo wa chumvi mwaka mzima. Ongezeni kwamba CD nyingi zilizoletwa madukani zilikuwa za bei ya chini kabisa, kwamba tuliziandika jina kwa kalamu ya wino yenye ncha kali iliyochimba uso wake, na kwamba tulizipanga moja juu ya nyingine bila ya kasha, na watoto wakazichezea. DVD ya mwaka 2004 ambayo bado inaonyesha harusi mwanzo hadi mwisho imetufanyia hisani.

Dalili zake mnazijua. Picha inavunjika vibande vya mraba, sauti inakwama, bibi harusi anaganda na mdomo wazi, kisha deki inaandika kwamba hakuna diski. Watu huilaumu deki. Mara nyingine ni deki kweli, na hilo nalo ni tatizo, kwani deki zinazokufa hazipati warithi madukani, na kompyuta nyingi zinazouzwa sasa hazina hata tundu la kutia CD. Miaka michache ijayo mtu atakuwa na DVD nzima kabisa na hana pa kuitia.

Tufikirie basi tulichonacho. Televisheni ya Zanzibar ilianza na picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi nyingi za Afrika bado hazina, lakini kamera yake ilikuwa na ya kwake ya kufanya mjini na haikuweza kuja Wingwi kila panapofungwa ndoa. Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaondoka nazo. Aliyeyahifadhi maisha yetu ni mpiga video wa harusi, yule kijana wa kamera ya begani, taa kali na waya mrefu uliovutwa kutoka nyumba ya tatu, au jenereta ya kukodi ikiunguruma nyuma ya jiko. Kumbukeni kwamba kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga kuwashwa mwaka 2010, kisiwa kizima kiliishi kwa umeme wa mashine za dizeli, na vitongoji vingi havikuwa na hata huo. Kupiga video ilikuwa gharama ya kujinyima. Kwanza zilikuwa kanda za VHS, zikaja VCD, kisha DVD, na kisha simu zikaufuta mfuatano wote. Kabla ya kanda hakuna kitu, na baada ya simu kila mtu ana vyake kwenye memori kadi. Katikati pana kama miaka ishirini ya Wingwi iliyomo ndani ya hii mifuko tu. Haipo Kilimani kwenye Nyaraka za Taifa, haipo kwenye jumba la makumbusho la Chake Chake, haipo popote pengine.

Chukueni mchezo wa ng'ombe. Kila panapozungumzwa mchezo huo wa Pemba hutajwa Wingwi na Kengeja. Vitabu vya watalii vimeuandika, na wengi husema asili yake ni Wareno. Sawa. Lakini kitabu hakikuonyeshi nani aliyekuwa hodari wa kumsogelea ng'ombe akiwa amekasirika, wala namna kamba ilivyoshikwa, wala wanawake walivyokuwa wakishangilia, wala mzee aliyekuwa akipiga kelele za kuamuru huku kikoi kinamvuka. Kwenye DVD ya mtu fulani pale Mtemani hayo yote huenda yapo, saa nzima, pamoja na kivumbi chake. Na ng'ombe mwenyewe, ambaye katika mchezo wetu hauawi, ameondoka uwanjani anatembea kwa miguu yake.

Au chukueni lugha. Mwaka 1958 Mwingereza mmoja, W. H. Whiteley, alichapisha kitabu kuhusu lahaja na mashairi ya Pemba, kazi iliyotaka kukaa na watu, kusikiliza na kuandika. Ni kazi ya heshima. Lakini mtu akiona daftari hujirekebisha ulimi wake, akaanza kusema kama redio. Kwenye video ya harusi bibi amekaa ukumbini anachambua mchele, kamera imemsahau imeelekea kwingine, na yeye anamsimanga mkaza mwana wake kwa Kipemba kile ambacho wajukuu zake leo hawakisemi. Nakala kama hiyo haitengenezwi tena kwa fedha yoyote.

Na kuna jambo zito zaidi, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikiwa safarini kutoka Unguja kuja Pemba. Hakuna pembe ya kisiwa hiki isiyoguswa. Zipo nyumba ambazo picha pekee inayotembea ya mtu wao imo ndani ya DVD ya harusi ya watu wengine. Anapita na sinia la biriani, anageuka, anacheka na mtu asiyeonekana, anaondoka. Sekunde nne. Mwenye harusi hajui kwamba anazo, na mwenye msiba hajui kwamba zipo. Ndiyo maana siwaombi mtazame DVD zenu peke yenu majumbani kisha mziseme kuwa hazina maana kwa kuwa ndoa yenyewe ilishavunjika. Ndani ya DVD yako wamo watu wa watu.

Tunaijua sauti ya mwimbaji Siti binti Saad leo kwa sababu mwaka 1928 alipelekwa Bombay kurekodi, na santuri zake zikauzwa pwani nzima, zikatapakaa mikononi mwa watu wengi. Kwa aliyevunjika yake, mwingine alikuwa nayo. Tungo za washairi wetu Kamange na Sarahani zilivuka karne kwa njia hiyo hiyo, huyu amenukuu, yule amekariri. Harusi ya Wingwi ya mwaka 2006 ina nakala moja, labda mbili, na zote zilichomwa siku moja kwenye CD za pakiti moja. Zitakufa pamoja.

Kazi yenyewe si ya kitaalamu kama inavyotisha. Kijana wa kidato cha pili anayejua kutumia kompyuta anaweza kuifanya, na nitaieleza hapa kwa urefu kidogo kwa sababu wengi wanaishia kwenye njia mbovu, ile ya kuielekeza simu kwenye televisheni na kurekodi. Usifanye hivyo ila kama hakuna njia nyingine duniani. Utapata picha iliyopinda, kivuli cha dirisha, na sauti ya kuku wa nje.

Kwanza isafisheni. Kitambaa laini cha pamba, maji safi kidogo, na ufute kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, kamwe usizungushe. Mkwaruzo unaozunguka unafuata njia ya kusomea na unaharibu mengi kuliko mkwaruzo unaokatiza. Dawa ya meno, ambayo kila mtaa una fundi wake anayeisifia, iacheni msalani.

Kompyuta isiyo na tundu la CD inahitaji kidude cha kusomea CD cha kuchomeka kwenye USB. Ni kitu chepesi na kimoja kinatosha kijiji. Ukiifungua DVD ya harusi utaliona jalada linaloitwa VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya VOB, kila moja halizidi GB 1. Hayo ndiyo picha na sauti. Mengine madogo, ya IFO na BUP, yanaiambia deki ipi ianze na ipi ifuate. Nakilini jalada zima jinsi lilivyo, kabla ya kufanya lolote. DVD ya kawaida haizidi GB 4.7, kwa hiyo diski ya nje ya TB 1 inabeba kama DVD 200 zilizojaa pomoni. Hiyo ndiyo nakala ya asili na haiguswi tena. Watu wengi huruka hatua hii wakakimbilia kupunguza ukubwa, na baada ya miaka mitano wakitaka picha safi zaidi hawana pa kurudi, CD imeshakufa.

Baada ya hapo ndipo unabadilisha iwe faili la MP4, ambalo simu na tovuti zote zinalielewa. Programu ya HandBrake inafanya kazi hiyo bure, na VLC, nayo ya bure, inakusaidia kuchungulia kilichomo. Unaielekeza HandBrake kwenye lile jalada, unachagua mpangilio wa 576p wenye picha 25 kwa sekunde kwa kuwa huo ndio mfumo wa PAL tuliokuwa tukiutumia Tanzania, unaiacha ifanye kazi huku wewe umekwenda kuvuna mwani. Harusi ya saa mbili mara nyingi hutoka na GB 1 au moja na kitu. Kuna kitufe kimoja kinachosahauliwa, nacho ni cha kuondoa mistari. Televisheni za zamani zilionyesha kila picha kwa nusu mbili zinazopishana, na kwenye simu nusu hizo hazikai sawa, kwa hiyo mkono unaopunga unaonekana una meno ya kitana. Washeni kichujio hicho kwenye programu, tatizo linakwisha. Na tafadhali, video ya zamani ina umbo la karibu mraba. Msiivute ijaze kioo cha simu. Maharusi wetu walikuwa wembamba, tuwaache hivyo.

Mtakutana na vikwazo. VCD za mwanzo hazina VIDEO_TS bali faili la DAT kwenye jalada la MPEGAV, na picha yake ni ndogo na ya ukungu tangu siku ilipozaliwa. VLC inalifungua, na ndivyo lilivyo. Kuna DVD zilizorekodiwa moja kwa moja na mashine ya mezani na hazikufungwa mwishoni, ambazo kompyuta itaziona tupu. Hizo zinahitaji mashine ya aina ile ile ili kuzifunga, kwa hiyo aliyebaki nayo asiitupe. Kuna ambazo wenyewe walibana saa nne kwenye CD moja ili waokoe gharama, na uso wa mtu umekuwa doa. Na kuna zile zinazokwama kila mara. Hizo msizitupe wala msizikatie tamaa. Jaribuni kisomeo kingine, kwa sababu visomeo havilingani macho, na programu ya ddrescue inaweza kurudia sehemu mbovu usiku kucha na kuokoa kilichookoka. Dakika kumi na mbili za maulidi si maulidi kamili, lakini zinatosha kumsikia msomaji.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo najua baadhi yenu, hasa mama zangu, mmeshakunja uso tangu niliposema mtandaoni.

Mna haki. Kuokoa ni jambo moja na kupandisha ni jambo jingine, na tukiyachanganya watu watazifungia CD zao na sitawalaumu. Ndani ya hii mifuko zimo shughuli za wanawake watupu: kichwa wazi, nguo za ukumbini, ngoma za ndani. Bibi harusi alikubali kupigwa picha mbele ya mashoga zake na si mbele ya dunia. Ndiyo sababu katika pwani hii familia nyingi hutafuta mpiga video mwanamke kwa shughuli hizo. Basi CD hizo zishughulikiwe na wanawake. Tuna banati waliosoma kompyuta skuli, wapewe chumba chao na mashine yao, wanakili, wabadilishe, wamkabidhi mwenyewe kwenye flashi, na faili lisibaki kwenye kompyuta hiyo. Zisipandishwe popote. Na msidanganywe na ile njia ya YouTube ya kuificha video isionekane isipokuwa kwa mwenye kiungo. Kiungo kikiingia kwenye kundi moja la WhatsApp saa mbili za usiku, alfajiri kishafika Tanga na Salala. Cha sitara hakipandi mtandaoni hata kwa mlango wa nyuma. Na msimpelekee CD kama hiyo fundi wa mjini msiyemjua, hata akiahidi kwa kiapo.

Yapo na mengine yanayotaka busara. Kuna ndoa zilizokwisha, na mwanamke sasa yuko kwa mume mwingine na watoto. Ruhusa ya mume wa kwanza haitoshi. Kuna watoto waliokuwa wakilia na pua zinachuruzika ambao leo ni walimu na askari, waulizwe. Kuna mikutano ya siasa ya miaka ile migumu. Hiyo ihifadhiwe kwa ukamilifu wake kwa ajili ya historia, lakini asitokee mtu kukata sekunde kumi za hotuba ya mzee aliyeshatangulia na kuzirusha wakati wa uchaguzi. Kanuni ninayopendekeza ni nyepesi: aliyeonekana waziwazi au warithi wake wakikataa, haipandi, na hatuulizi sababu. Kama ni watu wawili katika harusi ya saa mbili, kipande chao kinakatwa, kilichobaki kinaendelea.

Sheria nayo ina lake. Filamu za Bongo na za Kihindi zilizomo kwenye mifuko hiyo hiyo si zetu, tusizipandishe, zina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ni ya mwaka 2003, na COSOZA ndiyo inayosimamia haki za wasanii. Hata video ya harusi ina jasho la mpiga video aliyeipiga na kuihariri, basi aombwe ruhusa na jina lake liandikwe. Wengi wao wapo hai na watafurahi kuliko mnavyodhani. Nyimbo za taarabu alizozibandika juu ya picha ni mtego mwingine, kwani YouTube inazitambua zenyewe na inaweza kuizima sauti au kuizuia video nzima. Sauti ya asili, hata ya kelele za watu, ni bora na haina mdai. Na atakayetaka kugeuza kazi hii iwe televisheni ya mtandaoni yenye habari na matangazo, awaulize kwanza wanaosimamia utangazaji juu ya leseni, kwa kuwa maudhui ya mtandaoni yana kanuni zake.

Ukiondoa hayo, vinabaki vingi vya kupandisha bila ya wasiwasi: mchezo wa ng'ombe, mechi za mpira, zafa ya wanaume barabarani, maulidi, mashindano ya vyuo, sherehe za skuli, mazungumzo ya wazee, uzinduzi wa misikiti na visima. Akaunti mpya ya YouTube haipokei zaidi ya dakika 15 mpaka uithibitishe kwa namba ya simu, hatua ya dakika moja. Archive.org, maktaba ya mtandao iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, inapokea bure na kuliweka faili lako la asili, ila humo kila kitu ni cha wazi, basi pelekeni kile tu mlichokwisha kukubaliana. Na hesabuni bando kabla ya kuanza. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, faili la GB 1.2 linapanda kwa kama saa moja na dakika 20. DVD nzima ya GB 4.7 ingechukua saa tano na zaidi, na umeme ukikatika katikati huenda ukaanza upya. Hapo ndipo faida ya kubadilisha inapoonekana, na hapo ndipo ndugu wa nje mwenye intaneti ya nyumbani isiyopimwa anapokuwa na kazi: tumpe faili kwenye flashi arudi nalo alikotoka, apandishe yeye.

Ninachokiogopa zaidi ya kukatika kwa umeme ni video isiyo na majina. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii imeshaanza kupotea. Tutapandisha saa mia za watu wanaotembea, na baada ya miaka thelathini hakuna atakayejua ni nani. Kwa hiyo wakati kijana anabadilisha, mzee akae pembeni yake anaangalia na kutaja: huyu ni nani, mwana wa nani, nyumba hii ilikuwa wapi, mwembe huu ulikatwa lini. Kijana aandike dakika na jina. Mzee asiyeona vizuri husikia, na atamtambua mtu kwa kicheko. Naamini hii ndiyo itakayokuwa sehemu tamu kuliko zote, na itakayochelewesha kazi kuliko zote, kwa sababu kila sura itakuja na hadithi yake na chai itabidi ipikwe mara ya pili. Jina la faili lianze na mwaka, kisha mahali, kisha shughuli, ili yajipange yenyewe. Majina ya watu yakae kwenye daftari letu. Mtandaoni yaandikwe ya wale tu waliokubali.

Tunaweza kuanza Idi ijayo, wakati watu wengi wamerudi nyumbani. Masheha wetu wanne nawaomba watuafikie chumba, iwe darasa la skuli au ukumbi wowote wenye umeme na mlango unaofungika, pamoja na kile cha akina mama. Walimu watuchagulie vijana watulivu. Redio Jamii Micheweni wakikubali kutusaidia kutangaza, habari itafika Kiuyu, Maziwa Ng'ombe na Shumba, ambako mifuko kama yetu imejaa, na huenda harusi yako iliyokufa ina nakala nzima kwa wakwe zako wa huko. Anayeweza kutoa kompyuta kwa wiki moja atoe. Anayeweza kununua diski ya nje anunue mbili zinazofanana, moja ikae Wingwi na nyingine iende Unguja au Wete kwa mtu mwaminifu, kwa kuwa moto na mvua havichagui nyumba. Wapiga video wa zamani, nyinyi hasa nakuiteni kwa heshima: wengi wenu bado mna kanda za asili zilizotumika kutengeneza DVD hizi, na kanda hizo ni bora kuliko chochote tutakachokikuta kabatini.

CD zenyewe tutazirudisha kwa wenyewe, hata zilizokufa. Hatutazami chochote ambacho mwenyewe hakuruhusu kitazamwe, na anayetaka kukaa pale mpaka yake imalizike akae.

Nanyi mlio nje ambao mna DVD mlizopelekewa miaka ile ili mwone harusi mlizozikosa, zenu huenda ndizo zilizosalimika, kwa sababu zimelala kwenye nchi za baridi au ndani ya nyumba zenye viyoyozi. Msizitume kwa posta. Mpeni mtu anayekuja, azitie ndani ya kasha gumu na azibebe mkobani mwake, si kwenye sanduku la mizigo linalochomwa na jua bandarini. Tieni na karatasi yenye majina ya mnaowatambua, na namba ya simu ya nyumba yenu ya Wingwi, tujue pa kuzirejesha.